Kabla ya kusaini karatasi ya kumalizana: fidia ya kuumia kazini

Karatasi huletwa mapema, mara nyingi mkono ungali na bandeji. Ina nusu ukurasa tu: jina lako, tarehe uliyoumia, kiasi cha fedha, na mstari wa mwisho unaosema umepokea malipo yote na hutakuwa na madai mengine yoyote dhidi ya mwajiri. Anayeileta ni mnyapara au mhasibu, mtu mnayefahamiana, na fedha ziko ndani ya bahasha. Wengi husoma kiasi. Anza na mstari wa mwisho, kwa sababu huo ndio mwajiri anaoununua.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeajiriwa huku nyanda za juu kusini: kwenye mashine za mbao za Mafinga na Makambako, mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, viwanda vya nguzo, machimbo ya Chunya, malori ya barabara ya Tunduma. Sheria ni ile ile ya Tanzania Bara nzima, ila kazi za huku na namna watu wanavyolipwa vina mambo yake, na humo ndimo fedha nyingi hupotea.

Jua kwanza karatasi ni ya nani

Watu husema "nimeletewa fidia nisaini" kana kwamba karatasi ni moja. Ziko za aina nne, na kila moja ina uamuzi wake.

Ya mwajiri mwenyewe ndiyo ya kuogopa zaidi. Haijapitia kwa mtu yeyote wa nje, kiasi chake kimepangwa ofisini kwake, na haihusiani na fidia ya serikali hata kama imeandikwa neno "fidia" kwa herufi kubwa.

Ya kampuni ya bima hutokea pale ulipoumia ndani ya gari au ulipogongwa na gari la mtu mwingine ukiwa kazini. Bima ya gari ya lazima ipo kwa ajili ya watu wa nje wanaodhurika, na kampuni ikikubali kulipa itakuletea hati ya kumaliza madai. Ukishasaini hati hiyo, hata upasuaji wa pili ukihitajika mwakani, kampuni itakuonyesha saini yako. Bima haikatazwi kuboresha kiasi, kwa hiyo namba ya kwanza inajadiliwa.

Ya tatu ni makubaliano yanayosainiwa mbele ya msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi huiita CMA. Hapo mgogoro ni wa ajira: umefukuzwa baada ya kuumia, au hujalipwa mishahara. Makubaliano ya CMA yanabana pande zote mbili na yanaweza kukaziwa kama hukumu. Hiyo ni nguvu nzuri kama yameandikwa vizuri. Kama yameandikwa ovyo, kuyafungua tena ni kazi ngumu, kwa hiyo usisaini kwa sababu tu msuluhishi amechoka na saa ya kula imefika.

Ya nne ni barua ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hii si ofa. Mfuko haupatani na wewe bei; unapiga hesabu kwa mujibu wa sheria na kukutaarifu. Ukiona Mfuko umekosea, unapinga uamuzi kwa maandishi.

Haki ambayo mwajiri hakupi wala hakunyimi

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko ulianza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo, chini ya sheria ya zamani ya kikoloni, ulemavu wa kudumu ulikuwa na kikomo cha shilingi 108,000. Wazee wengi wa viwandani bado wana picha hiyo kichwani, na ndiyo maana kijana akiletewa laki tano anaambiwa nyumbani ashukuru. Picha hiyo imepitwa na wakati.

Mwajiri ndiye anayechangia Mfuko, kutoka mfukoni mwake. Akikukata hata shilingi kwenye mshahara kwa jina la WCF, amevunja sheria. Kwa michango hiyo Mfuko hulipia matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, posho ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, utengemao (kukusaidia urudi kwenye uwezo wa kufanya kazi), msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kinachotakiwa ni kwamba uliumia au uliugua kwa sababu ya kazi, ukiwa kazini. Kwa hiyo mwajiri anapokuambia "kosa lilikuwa lako, nakusaidia kwa huruma tu", elewa kwamba kosa la kawaida la mfanyakazi, mkono kuteleza au jicho kupepesa, halifuti fidia.

Ukiwa nje ya kazi kwa muda kwa sababu ya jeraha, malipo ni asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, na yanaweza kwenda hadi miezi 24. Jeraha likishatulia, daktari hupima ulemavu uliobaki kwa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Ushike mpaka huo wa 30, maana tofauti ya asilimia 28 na asilimia 33 ni tofauti ya kupokea mara moja na kupokea kila mwezi maishani.

Halafu kuna suala la vibarua. Huku ndiko wengi wanakojitoa wenyewe: "mimi sina mkataba, nalipwa kwa siku." Mkataba wa maneno nao ni mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa: anapangiwa namna au saa za kufanya kazi, anapewa vifaa na mwenye kazi, anamtegemea mtu huyo kwa kipato, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mbeba magogo kwenye dingdong, ile mashine ya kupasua mbao inayohamishwa msituni, anayeamka na mashine kila siku kwa miezi minne anaingia humo bila shida, na mwenye mashine ndiye anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo. Chunya, anayelipwa kwa mgao wa viroba vya mawe ana kazi kubwa zaidi ya kuonyesha kwamba ni mwajiriwa na si mbia. Akusanye ushahidi wa nani alikuwa anapanga zamu, nani alinunua baruti, nani alimiliki kompresa.

Mwajiri akisema hajajisajili WCF, jibu ni kwamba kujisajili ni deni lake. Taarifa yako peleka Mfuko hata hivyo, na kwa afisa kazi wa mkoa.

Miezi 12

Dai la fidia linatakiwa lifike ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu ugonjwa wa kazi ulipogundulika, au tangu kifo. Mwajiri naye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari ya ajali. Maneno "subiri, tutamalizana kiofisi" hula miezi hiyo kimya kimya. Mwezi wa kwanza mhasibu yuko Dar es Salaam. Wa nne bosi anasubiri malipo ya mbao. Wa tisa unaambiwa rudi Jumatatu. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi siku kuhesabiwa, kwa hiyo fungua dai Mfuko kwanza, kisha zungumza na mwajiri mkitaka. Ukishafungua, omba kitu chenye namba ya dai au muhuri wa kupokelewa, na ukipige picha.

Ushahidi unakusanywa wiki ya kwanza, maana wiki ya tatu mashine imeshahamishwa msitu mwingine na wenzako wako Njombe. Unahitaji majina na simu za watu wawili walioona, picha ya mashine na mahali ulipoumia (hasa kama kinga ya msumeno haikuwepo), PF3 ya polisi pale hospitali ilipoihitaji, karatasi ya kuruhusiwa wodini, picha za eksirei, kila karatasi ya ED (ya daktari ya kukupumzisha kazi), na risiti. Usimpe mwajiri nakala halisi. Akitaka, mtolee kopi stesheneri. Kopi ya shilingi mia imeokoa madai mengi.

Daktari kwanza, kalamu baadaye

Sababu kubwa ya kutosaini mapema ni ya mwili wenyewe. Jeraha lina muda wake wa kuonyesha litabaki vipi, na hakuna mtu, hata daktari bingwa, anayeweza kupima ulemavu wa kudumu kabla ya muda huo.

Chukua jeraha linalotokea mara nyingi kwenye msumeno wa duara: kiganja kimekatwa karibu na kifundo, mshipa wa fahamu umekatika na kushonwa. Mshipa wa fahamu hukua upya takribani milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni kama sentimita 18. Kwa hiyo ni takribani miezi sita kabla ya mtu yeyote kujua kama hisia itarudi kwenye ncha za vidole. Ngozi imeshafunga wiki ya tatu, nyuzi zimetolewa, kidonda kinaonekana kizuri, na mwajiri anasema kwa dhati kabisa "umepona". Huwezi kufunga kifungo cha shati, na ukichomwa sindano kidoleni husikii, lakini kwa macho umepona. Ukisaini wiki hiyo, umeuza mkono ambao hujaujua.

Mfupa nao una yake. Mguu uliovunjika unaweza kuunga kwa miezi mitatu na bado ukawa mfupi, au goti likakataa kukunja kwa sababu mazoezi hayakufanyika. Mgongo ulioumia kwa kubeba nguzo hutulia ukipumzika na kurudi vibaya ukirudi kazini. Masikio yaliyoharibiwa na kelele za mashine hayatoi damu. Yanapimwa kwa kipimo cha usikivu, na mtu asipokiomba hakifanyiki. Kwenye viwanda vya nguzo, dawa ya kutibia mbao ina shaba, kromiamu na aseniki, na madhara yake ya ngozi na mapafu huja taratibu, kwa hiyo vidonda vinavyojirudia mikononi viandikwe kwenye faili la hospitali pamoja na kazi unayofanya. Daktari asiyeambiwa kazi yako ataandika fangasi.

Ukienda kliniki, iwe Hospitali ya Wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, muulize daktari maswali matatu na umwombe majibu kwa maandishi. Je, jeraha limefikia mwisho wa kupona, au bado linabadilika? Ulemavu uliobaki ni asilimia ngapi, kwa kiungo gani? Matibabu gani yatahitajika mbele: kutoa vyuma, upasuaji wa pili, mazoezi ya viungo, mguu wa bandia? Kama jibu la swali la kwanza ni "bado", hakuna karatasi ya mwisho ya kusaini siku hiyo, ya mtu yeyote.

Asilimia ikitolewa na unaona ni ndogo, angalia imepimwa nini. Kosa la kawaida ni kupima kidole kilichokatwa na kuacha kiganja kisichokunja, au kuhesabu mfupa na kusahau mshipa wa fahamu. Una haki ya kuomba upimwe na daktari mwingine.

Hesabu, kwa karatasi na kalamu

Tuseme mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Asilimia 70 yake ni 210,000. Umekaa nje ya kazi miezi sita: 210,000 mara 6 ni shilingi 1,260,000, na hizo ni za ulemavu wa muda peke yake. Daktari akapima ulemavu wa kudumu asilimia 40. Pensheni kwa makadirio ni 210,000 mara asilimia 40, yaani 84,000 kila mwezi. Viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa vinaweza kuipandisha au kuishusha, lakini hiyo ndiyo picha yake. Kwa mwaka ni 1,008,000. Kwa kijana wa miaka 32, miaka ishirini ijayo ni shilingi 20,160,000.

Sasa weka pembeni bahasha ya mwajiri: milioni moja na nusu, "tumalizane". Igawe kwa 84,000. Ni miezi isiyofika 18. Kama mwajiri anataka milioni hiyo ichukue nafasi ya dai la Mfuko, anakuomba ubadilishe maisha yako yote kwa mwaka mmoja na nusu. Kama anatoa juu ya dai la Mfuko, na karatasi inasema hivyo, basi ni mazungumzo mengine kabisa.

Namba inayoharibu hesabu zaidi kuliko zote ni mshahara ulioandikwa. Waajiri wengine huandika kima kidogo kwenye vitabu na kulipa kingine mkononi. Mfuko utahesabu kwa kilichoripotiwa, isipokuwa uonyeshe vinginevyo. Kusanya hati za mshahara, miamala ya simu, taarifa ya benki, taarifa ya michango yako ya NSSF. Mchumaji wa chai anayelipwa kwa kilo aangalie jambo la ziada. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hufunga majani, na kilo hushuka. Wakati wa mvua mtu yule yule anapima mara kadhaa zaidi. Ukiumia Julai na mtu akachukua mwezi wa Julai kuwa ndio kipato chako, umeumizwa mara ya pili. Peleka kadi za mizani za mwaka mzima na udai wastani wake.

Kwa fedha ya mwajiri au ya bima, jenga sakafu yako mwenyewe, kiasi ambacho chini yake husaini. Jumlisha mshahara uliopotea ambao haukulipwa na mtu mwingine, nauli za kliniki (kutoka Mafinga hadi Mbeya na kurudi, mara idadi ya safari, mara watu wawili kama huwezi kusafiri peke yako), chakula na malazi, ujira wa mtu aliyekaa na wewe, na matibabu ya mbele ambayo hayatalipwa na Mfuko. Mguu wa bandia hauwekwi mara moja ukaisha. Huchakaa na kubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo hesabu yake si moja. Namba utakayopata iandike kabla ya kwenda kwenye kikao. Mtu aliyeingia bila namba hutoka na ya mwenzake.

Jambo jingine huchanganywa sana. Mshahara wa likizo ya ugonjwa si fidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, isipokuwa pale unapolipwa na mfuko mwingine kwa siku hizo hizo. Ukiona kwenye karatasi ya kumalizana "fidia" ambayo kwa kweli ni miezi miwili ya mshahara uliokuwa unadai, hujapewa kitu.

Maneno ya kwenye karatasi

Mwajiri mwema yupo, na fedha ya pole si dhambi kuipokea. Ipokee, kwa maneno sahihi. Andika kwa mkono wako: "Nimepokea shilingi (kiasi kwa tarakimu na kwa maneno) ikiwa ni msaada wa matibabu na nauli. Malipo haya hayaathiri dai langu la fidia wala haki zangu nyingine." Tarehe, saini zote mbili, shahidi wako. Fedha ikipita kwenye simu, kuna kumbukumbu. Ikipita mkononi, hesabuni mbele ya shahidi.

Maneno ya kukataa ni haya, kwa namna yoyote yatakavyovaa: "madai yote ya sasa na ya baadaye", "ninaacha haki zangu zote", "nimejiuzulu kwa hiari", "sitafungua dai sehemu yoyote". Usisaini karatasi yenye nafasi tupu, hata kama umeambiwa tarehe itajazwa baadaye. Karatasi ikiwa kwa lugha usiyoisoma, irudishe ije kwa Kiswahili. Asiyesoma aje na mtu anayemwamini amsomee yote kwa sauti kabla ya kuweka dole gumba. Dole gumba ni saini kamili. Na omba siku saba. Mwenye nia njema hana cha kupoteza kwa siku saba. Anayesema "leo leo au basi" amekujibu swali ulilokuwa hujauliza.

Usichanganye jeraha na ajira

Karatasi nyingi hubeba mizigo miwili: kumaliza fidia na kumaliza kazi. Itenganishe. Kama kazi inaisha, unadai notisi, likizo ambayo hukuchukua, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili hadi miaka 10 (kwa aliyefikisha mwaka mmoja), cheti cha utumishi, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa. Hizo ni haki za kazi yako, hazihusiani na kidole. Mwajiri pia hawezi kukuondoa kwa kuumia tu. Anatakiwa kwanza aangalie kama jeraha ni la muda, na kama kuna kazi nyepesi unayoweza: getini, stoo, kupanga mbao. Ukifukuzwa, una siku 30 kulipeleka CMA. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Kufungua shauri CMA hakuna ada, na ofisi zipo mikoani.

Lini ukubali

Zipo nyakati ambapo kukubali ndiyo busara, na tunalisema hili kwa sababu kuna watu huambiwa "kataa, kataa" mpaka wanabaki mikono mitupu.

Kubali kama jeraha limetulia, daktari ameandika, dai la Mfuko limeshafunguliwa au kulipwa, na fedha ya mwajiri inaongezwa juu yake kwa karatasi inayotaja wazi kinachofungwa na kisichofungwa. Kubali ya bima kama kiasi kinapita sakafu yako na ushahidi wako una tundu, kwa mfano shahidi pekee amehama au ramani ya polisi inaonyesha uliingia barabarani vibaya. Madai ya uzembe mahakamani yana ukomo wa miaka mitatu, na kesi yenye ushahidi dhaifu hula nauli kuliko inavyoleta.

Iko na hali ya mwenye dingdong asiye na ofisi, asiye na usajili, ambaye mwezi ujao atakuwa msitu mwingine. Hapo fedha mkononi ina thamani kubwa kuliko ahadi. Ichukue, kwa risiti ya maneno yale ya juu, na dai la Mfuko liende kama kawaida.

Kataa kama huna asilimia kwenye maandishi. Kataa kama sharti la malipo ni kutofungua dai. Kataa awamu zisizo na tarehe; "tutakulipa kidogo kidogo" bila tarehe na bila kusema nini kitatokea awamu moja ikikosekana ni mkopo uliompa mwajiri.

Msibani

Aliyekufa kazini anaacha wategemezi, na haki ni yao: mke au mume, watoto, na wengine waliokuwa wanamtegemea. Mwajiri huja msibani na gunia la mchele, jeneza na bahasha, na shemeji mmoja anaitwa pembeni asaini. Rambirambi zipokelewe kwa heshima, ziandikwe rambirambi. Asisaini mtu yeyote kwa niaba ya watoto siku ya maziko. Baada ya matanga ukoo ukae, muhtasari wa kikao uandikwe, kisha vikusanywe cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Cheti cha kuzaliwa ndicho huchelewesha familia nyingi vijijini, kwa hiyo anzeni na hicho, mkikumbuka kwamba miezi 12 inahesabiwa tangu siku ya kifo.

Barua ya Mfuko isipokuwa sawa

Soma vitu vinne: mshahara uliotumika, asilimia ya ulemavu, siku za ulemavu wa muda, tarehe ya ajali. Kosa likiwepo, karibu kila mara liko kwenye kimojawapo. Andika pingamizi kwa Mfuko ukitaja kosa lenyewe na ukiambatisha uthibitisho; "fedha ni kidogo" si hoja, "mshahara umeandikwa 150,000 na hati ya benki inaonyesha 300,000" ni hoja. Usiporidhika, ngazi inayofuata ni Waziri mwenye dhamana ya kazi, kisha Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, kwa hiyo siku uliyopokea barua iandike juu ya bahasha.

Msaada upo karibu zaidi ya watu wanavyodhani. Chama cha wafanyakazi kina katibu: TPAWU mashambani, TUICO viwandani, TAMICO migodini. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na wapo wilayani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza. Wakili anayetaka asilimia ya fidia ya Mfuko kwa kazi ya kujaza fomu, mwache. Fomu hizo unaweza kusaidiwa bure.

Kama ulishasaini

Usiichane karatasi, na usikae nayo kimya. Mfuko haukuwemo kwenye makubaliano hayo, kwa hiyo saini uliyompa mwajiri haikuzuii kupeleka dai lako WCF ndani ya miezi 12. Dhidi ya mwajiri mwenyewe, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mtu kuukana mkataba alioingia kwa kulazimishwa, kwa kushinikizwa na mwenye mamlaka juu yake, au kwa kudanganywa. Andika leo, ukiwa bado unakumbuka: nani alileta karatasi, saa ngapi, ulikuwa wodini au nyumbani, ulikuwa umekunywa dawa gani za maumivu, nani alikuwepo, uliambiwa nini kitatokea usiposaini, ulisomewa au hukusomewa. Andika na kiasi ulichopokea, maana kitahesabiwa. Chukua maelezo hayo, kopi ya karatasi na faili la hospitali, uende kwa afisa kazi wa mkoa au msaidizi wa kisheria wiki hii hii.